Limetagwa Lini? Mhadhara kwa Wafugaji Wadogo na Wauza Mayai wa Moshi

Wafugaji wenzangu wa Moshi Mjini, ndugu mliotelemka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi, na akina mama mnaouza mayai Mbuyuni na Kiboriloni: kwa wazee wangu shikamooni, na kwa wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata mayai mapya yaliyo bora kutoka katika mabanda yetu madogo ya nyumbani. Sokoni tumezoea kuulizana kama yai ni la kienyeji au la kisasa, tukatazama rangi ya ganda, na tukakubali kulipa zaidi kwa ajili ya jina. Ni nadra mteja kuuliza yai limetagwa lini, na muuzaji awezaye kumjibu kwa uhakika ni nadra zaidi. Mimi naamini kwamba swali hilo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na kwamba mfugaji mdogo, ambaye banda lake liko hatua chache kutoka jikoni kwa mlaji, ndiye anayeweza kulijibu vizuri.

Rangi ya ganda hutokana na ukoo wa kuku, wala haisemi lolote kuhusu ubora wa kilichomo ndani. Rangi ya kiini hutokana na chakula: majani mabichi na mahindi ya njano yana rangi ya asili inayohamia kwenye kiini, na kwa kuwa sisi tunalima zaidi mahindi meupe, kuku aliyefungiwa ndani akala pumba na mashudu bila majani hutaga yai lenye kiini kilichopauka, ilhali yule anayechakura kihambani, yaani katika shamba la nyumbani, chini ya migomba hutaga lenye kiini cha rangi ya machungwa. Kiini hicho kinapendeza, nami nakipenda. Hata hivyo kinaweza kupatikana ndani ya yai lililochakaa, na watengenezaji wa chakula cha kuku wanaweza kukipata kwa kuongeza rangi tu.

Yai huanza kuzeeka mara tu linapotoka kwa kuku. Ganda lake lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo maji hupungua polepole na gesi ya kabonidayoksaidi hutoka. Maji yanapopungua, chumba cha hewa kilichoko upande butu hupanuka. Gesi inapotoka, ute hubadilika kikemia, na ule ute mzito unaokizunguka kiini hulegea ukawa kama maji. Mwaka 1937 Raymond Haugh wa Marekani alitoa njia ya kupima jambo hili, kwa kulinganisha kimo cha ute mzito na uzito wa yai, na kipimo chake kinatumika hadi leo.

Tazameni sahani hizi mbili. Mayai haya yametoka katika banda moja, kwa kuku waliokula chakula kilekile. Hili limetagwa jana, na hili limekaa juu ya kabati kwa wiki tatu. Katika sahani ya kwanza kiini kimesimama, na ute umekikumbatia kwa duara lenye ukingo unaoonekana wazi. Katika sahani ya pili kiini kimelala bapa na ute umetapakaa hadi ukingoni. Hakuna aliyeliharibu yai hili la pili; siku na joto ndivyo vilivyofanya kazi. Jambo hilohilo linaeleza kwa nini yai la leo likichemshwa ni gumu kumenya, kwani ute wake bado unashikamana na utando wa ndani ya ganda. Basi mama anayelalamika kwamba mayai uliyomuuzia hayamenyeki, mweleze kwa upole kwamba hiyo ni dalili ya upya.

Asiyetaka kuvunja yai na alitie katika bakuli la maji. Jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na lililochakaa sana huelea. Linaloelea si lazima liwe viza, lakini livunjiwe katika chombo cha peke yake na linuswe kwanza.

Joto letu la Januari hadi Machi linahitaji uangalifu zaidi, hasa huku chini mjini. Wengi wetu tunafuga jogoo pamoja na mitetea, hivyo mayai yetu yana mbegu, na yai lenye mbegu likikaa mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 21 hivi huweza kuanza kukua ndani. Kwa hiyo yaokoteni angalau mara mbili kwa siku, wala msiyaache chini ya kuku anayeatamia. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula tu hana haja ya jogoo. Kuku hutaga bila yeye.

Kuhusu usafi, nawasihi msioshe mayai mnayokwenda kuuza. Yai hutoka na utando mwembamba unaoziba vile vitundu, na ukiliosha unauondoa, tena maji baridi huweza kuvuta uchafu na vijidudu kuingia ndani. Lenye vumbi lisuguliwe kwa kitambaa kikavu, na lenye kinyesi kingi lisiuzwe. Usafi wa kweli huanzia kwenye kiota. Weka kiota kimoja kwa kila mitetea minne au mitano, tia maranda makavu, na vichanja vya kulalia viwe juu zaidi ya viota, kwa sababu kuku hutafuta mahali pa juu pa kulala, na akilala kiotani atakichafua usiku kucha.

Ganda la yai moja huchukua gramu 2 hivi za kalisi, na sehemu kubwa ya ganda hilo hujengwa usiku. Kuku asiyepata chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa huitoa kalisi hiyo katika mifupa yake mwenyewe, na hatimaye mayai hupasuka mkononi. Kuku aliyepona kideri naye anaweza kutaga mayai yenye ganda laini au lililopinda. Chanjo ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, ni nafuu kuliko hasara hiyo.

Liko jambo moja ambalo sitalisema kwa upole. Kuku wakipewa antibiotiki, dawa huweza kuingia ndani ya yai, na mtoto wa jirani atailishwa bila kujua. Someni siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio, mwulizeni afisa mifugo, na mayai ya siku hizo msiyauze wala msiyale. Vilevile, mibuni inapopigwa dawa, kuku wasiachiwe kihambani.

Kilichobaki ni penseli. Andikeni tarehe kwenye kila yai, lipangeni kwenye trei upande uliochongoka ukiwa chini, mahali pa baridi pasipo jua, na la zamani litoke kwanza. Mwenye hoteli au mama lishe akizoea kuiona tarehe hiyo, ataikosa kwa muuzaji mwingine.

Sasa tutafunga madirisha, na kila mmoja ashike tochi, aiweke kwenye upande butu wa yai alilokuja nalo. Tutatazama ukubwa wa chumba cha hewa, nyufa za ganda, na kama kuna mishipa ya damu ndani, kisha nitapokea maswali.