Bastola Utakayoweza Kuilisha

Asanteni, kaeni. Naona mwenzetu kule nyuma ananirekodi kwa simu. Haina neno, ila sura yangu usiisambaze.

Naomba radhi mapema: Kiswahili changu nilikiokota kambini Masindi, nikiwa kuruta, na hakijawahi kunyooka. Najua pia hapa Kampala bado wapo watu ambao wakisikia Kiswahili kwenye kona ya giza wanashika mifuko. Hayo ni ya enzi za Idi Amin, Kiswahili kilipokuwa lugha ya askari. Leo mmekiita wenyewe, kwa sababu nusu yenu mnafanya biashara na Wakongo na Wakenya, na swali lenu ni moja: mtu akipata kibali, anunue bastola gani isiyomfilisi?

Kuhusu kibali sitakaa sana. Sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 1970. Safari inaanzia kwenye barua ya LC1 wako, mwenyekiti wa kijiji, na inapanda ngazi hadi polisi makao makuu, Naguru. Akitokea mtu wa kukuambia anajua njia ya mkato, muage hapo hapo, maana silaha ya njia ya mkato itakufunga wewe kabla haijamtisha jambazi.

Sasa tuje kwenye bei. Mtu wa Mbarara akinunua ng'ombe wa kizungu, haulizi bei ya ng'ombe peke yake. Anauliza anakula nini, daktari wake ni nani, maji yako wapi. Bastola inakula risasi. Nimewaona wafanyabiashara wametumia akiba yote kununua chuma kizuri cha Ulaya, halafu wamebaki na risasi za kujaza magazini moja tu, kile kibati cha kuwekea risasi. Bastola ile inalala kwenye sefu mwaka mzima, na siku ya siku mwenyewe hajui hata inapiga teke namna gani. Mimi ningekushauri ugawe pesa mafungu mawili kabla ya kuingia dukani. Fungu moja la chuma, jingine la risasi, mwalimu, ala ya kuichomekea bastola, na sefu. Kama fungu la pili halitoshi, punguza la kwanza.

Kwa hiyo chagua risasi kwanza, bastola baadaye. Hapa pana mtego. Watu wanasema "naitaka ya tisa", na tisa si moja. Iko milimita 9 kwa 19, yaani upana kwa urefu wa ganda, ile aliyoibuni Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, na iko 9 kwa 18 ya Makarov, ambayo Wasovieti waliipitisha jeshini mwaka 1951. Ukiziweka mezani utadhani ni ndugu. Hazibadilishani. Ile ya Makarov ni fupi kidogo na kichwa chake ni kinene kidogo. Ya 9 kwa 19 ndiyo inayotengenezwa na viwanda vingi zaidi duniani, kwa hiyo ni rahisi kuipata na bei yake ina ushindani. Makarov yenyewe ni chuma kigumu, ina sehemu chache, haideki. Lakini kabla hujainunua kwa sababu ni ya bei rahisi, muulize muuzaji risasi zake zitapatikana mwaka kesho na kwa bei gani.

Ukishamaliza risasi, njoo kwenye mkono wako. Hapa nitajisema mwenyewe. Bastola yangu ya kwanza ya kiraia niliinunua kwa macho. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mpini wake ulikuwa mnene, na vidole vyangu ni vifupi, mnaviona. Ncha ya kidole ndiyo pekee iliyofika kwenye kifyatulio. Kila nikivuta, naisukuma bastola kushoto bila kujua. Miezi minne nalaumu lenga, yaani kile kijiti cha kulengea juu ya bastola, nalaumu risasi, nalaumu jua. Siku moja mwalimu akaniazima Glock 19 yake iliyochakaa, risasi tano za kwanza zikakaa pamoja mahali ambapo kiganja kingezifunika. Ile inayong'aa niliiuza kwa hasara. Kwa hiyo ukiwa dukani, hakikisha kwanza haina kitu, ishike kama unayetaka kulenga, uone kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mpini mkononi. Jambo hilo ni la bure, na muuzaji akikuzuia kulifanya, ondoka.

Kuna swali mama mmoja aliniletea kabla hatujaanza: yeye ana mikono dhaifu, ameambiwa atafute ndogo kabisa. Mama, ulidanganywa kwa nia njema. Bastola nyingi ndogo za zamani, Makarov na Walther PPK zikiwemo, mtutu wake haujifungi na kipande cha juu, kile kinachorudi nyuma kila ukipiga, wakati wa kufyatua. Kinachokizuia kisirudi mapema ni uzito wake na springi, basi springi lazima iwe ngumu. Kuikoki, yaani kukivuta kipande hicho nyuma kwa mkono, ni kazi. Bastola ya wastani ya 9 kwa 19, kama CZ 75 au Glock 19, mtutu hujifunga kwanza na kipande cha juu, vikarudi pamoja kidogo, ndipo vikaachana. Springi haihitaji kubeba kazi yote peke yake, hivyo mara nyingi kubwa kidogo ni rahisi kukoki kuliko ndogo. Na teke lake ni pole zaidi, kwa sababu uzito unakusaidia. Jaribu zote mbili leo, mikono yako ikuambie.

Wengine humu mliwahi kushika SMG, ile bunduki ya AK-47, hasa ninyi mliopita kwenye kampuni za ulinzi. Msije na kiburi. Kwenye SMG, kutoka lenga la nyuma hadi la mbele ni kama sentimita 38. Kwenye Glock 19 ni kama 15. Simama mita 7, ambao ni urefu wa duka la kawaida, halafu lenga la mbele liteleze milimita moja tu. Kwa SMG risasi inakosea kama sentimita 2. Kwa bastola inakosea zaidi ya sentimita 4 na nusu. Na nyuma ya mtu unayemlenga kuna ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao kuna jirani anayekaanga chapati.

Za mitumba? Zipo nzuri. Chungulia mtutu kwenye mwanga ukiwa umeufungua, na ukague midomo ya magazini, ile miwili ya juu inayoshika risasi. Ikipinda kidogo tu, bastola itajamu, na wewe utadhani bastola ni mbovu kumbe ni kibati cha magazini. Magazini ya pili nunua siku hiyo hiyo.

Tokarev za zamani bei yake huvutia. Kumbuka zilipotoka kiwandani kwao hazikuwa na kitufe cha usalama, zina nusu-koki tu, yaani nyundo inasimamishwa nusu njia. Mimi simpi mwanafunzi mpya. Glock nayo haina kitufe cha pembeni, usalama wake uko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Kuichomeka kwenye suruali kama kwenye filamu, au kuitupa kwenye mkoba pamoja na funguo, ni kuomba msiba.

Risasi zikiwa ghali, fanyeni mazoezi makavu. Risasi zote ziache chumba kingine. Toa magazini, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, weka kidole kidogo ndani uhakikishe. Elekeza kwenye ukuta wa matofali. Mtu mwingine akuwekee sarafu ya shilingi 500 juu, karibu na lenga la mbele. Vuta kifyatulio taratibu. Sarafu ikianguka, umetingisha. Siku ya kwanza itaanguka kila mara na utaona aibu mbele ya watoto, ndiyo maana watoto nao wawe chumba kingine. Dakika 10 kwa siku, shilingi zako 500 bado unazo.

Afande aliyeko mlangoni ananionyesha saa. La mwisho ni la mahakamani. Kanuni yetu ya Adhabu, juu ya kujitetea, inaturudisha kwenye misingi ya sheria ya Uingereza: nguvu uliyotumia ilihitajika, na ililingana na hatari? Mwizi anayekimbia na simu yako ameshakupa mgongo, huyo mwachie polisi. Wakili aliyeketi hapa mbele atalifafanua baada ya chai.

Haya, simameni. Mezani ziko nne: Makarov, CZ 75, Glock 19, na ile yenye mpini mnene iliyonitia hasara, nimeiazima kwa aliyeinunua. Zote nimezikagua. Kila atakayeshika atakagua tena, hata kama aliyemtangulia amekagua mbele ya macho yake. Mama, njoo uanze wewe.