Kusoma Maji Kabla ya Kuzamia: Mfano wa Ghuba ya Chole, Mafia

Mabibi na mabwana, wazamiaji wenzangu,

Nimeombwa nieleze namna ya kupima hali ya bahari kabla ya kuvaa mtungi wa hewa, nami nitatumia mahali pamoja, Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, kwa sababu pale kukosea saa kunaweza kumtoa mzamiaji mwambani na kumpeleka bahari kuu.

Ghuba ile hupokea na kutoa maji yake kupitia milango michache, na Kinasi ndio mlango unaojulikana zaidi kwa wazamiaji. Maji yanapojaa, mkondo huelekea ndani, kwa hiyo hata aliyechukuliwa hupelekwa mahali palipokingwa. Yanapokupwa, mkondo hugeuka na kutoka nje kwa nguvu. Ndiyo maana Kinasi huzamiwa maji yakijaa au yakikaribia kusimama. Tena maji yanayoingia ni maangavu, ilhali yanayotoka hubeba mchanga na tope la ghuba.

Jedwali la maji ni la lazima, lakini linataja kimo cha maji, si mwendo wake. Kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa 6, na karibu nusu ya maji hayo husogea katika saa 2 za katikati. Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, wakati maji mafu, yaani ya siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, hayafikii hata nusu ya hapo. Mlangoni, mkondo unaweza kuendelea kwenda hata baada ya saa ambayo jedwali linasema maji yamejaa. Nahodha aliyekulia Mafia anaijua tofauti hiyo, na kwa maoni yangu neno lake la kukataa halipaswi kujadiliwa na mtu yeyote chomboni, awe mwalimu wa uzamiaji au mgeni aliyelipia.

Kisha kuna upepo. Kusi huvuruga bahari ya nje kuanzia katikati ya mwaka, na unapokabiliana na maji yanayotoka, mawimbi mlangoni husimama na kukaribiana, hata kama upepo wenyewe si mkali sana. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hueleza upepo na mawimbi ya eneo pana, kwa hiyo mkifika, zimeni mashine, acheni chombo kielee, na mtazame kinasogea upande gani kikilinganishwa na alama za nchi kavu.

Hali mnayopaswa kuipima zaidi ni ile ya saa ya kutoka majini, kwa kuwa kupanda mashua inayopigwa na mawimbi, umechoka na una mtungi mgongoni, ni kazi ngumu kuliko kuruka. Ikiwa mtakaa chini ya maji kwa dakika 50, hesabuni maji yatakuwa wapi baada ya dakika hizo, na mwongeze muda wa mashua kuwafuata wote. Hesabu ikiangukia maji ya kutoka, zamieni ndani ya ghuba siku hiyo.