Nimepaka Rangi Kava ya Saiti Mira Mara Mbili, ya Kwanza Ikabanduka

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sitembei na kamera mitaani, niko gereji, na hii mnayoiona mkononi ni kava ya saiti mira. Nyie mlioko nyumbani mmeniuliza sana ile niliyoipaka mwanzo iliishia wapi. Haya, sogeeni. Naingiza ukucha hapa pembeni, navuta kidogo... mnaona? Rangi inatoka nzima nzima kama nyoka anajivua gamba. Chini plastiki ni nyeusi, safi, utadhani haijawahi kuonja rangi. Niliosha gari kwa maji ya presha mara moja tu, kipande cha ukubwa wa kiganja kikaruka.

Rangi haikuwa na kosa. Kosa ni mimi kuifanya plastiki kama bati. Ukigeuza kava upande wa ndani utakuta herufi ndogo zimechapwa. Yangu imeandikwa PP, polipropilini. Hiyo bwana haishikwi na kitu, hata gundi inashindwa. Bampa nyingi nazo ni PP iliyochanganywa na mpira. Ukikuta ABS, aina nyingine ya plastiki, una bahati, hiyo haina ubishi sana. Ila PP tupu lazima uitangulizie dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, tabaka jembamba, kisha praima, yaani rangi ya msingi, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Mimi niliiruka, nikaona ni ujanja wa wauzaji. Na kama rangi ya kiwandani bado imeshika vizuri, usiing'oe, ikwaruze tu kwa msasa upake juu yake.

Kabla ya msasa, osha. Sabuni kwanza, halafu dawa ya kuondoa mafuta na nta. Ukianza na msasa unaisukumia polishi ya zamani ndani ya mikwaruzo, na silikoni ikibaki, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara. Thina kali msiimwagie plastiki, ABS inalainika. Msasa namba 400 kwenye kingo za rangi ya zamani, namba 800 na maji juu ya praima. Basi.

Sasa kwenye rangi yenyewe ndipo nilipokesha. Namba ya rangi mara nyingi iko kwenye kibandiko, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo. Lakini namba kufanana si rangi kufanana, gari limeshapigwa jua miaka. Na kama ni metaliki, ile inayometa kwa chembe za alumini, mkono wako nao unaamua. Tazameni kadi hizi tatu nilizojaribia, kopo ni lilelile. Hii nilipuliza karibu, ikalowa, chembe za alumini zikazama: imekuwa nyeusi nyeusi. Hii nilisimama mbali, ikafika nusu kavu: imepauka. Hii ya katikati, kama sentimita 20 hadi 25, ndiyo iliyokubaliana na mlango. Kadi ipulizie na klia kabisa, lile tabaka la mwisho linaloonyesha chini yake, maana rangi bila klia inakudanganya, halafu iegeshe kwenye mlango juani, si chini ya taa. Ukipuliza kava, tabaka tatu nyembamba, kila moja uiache ififie kwanza. Ukilazimisha moja nzito itachuruzika machozi.

Klia za makopo ni za aina mbili. Ile ya kawaida inakauka yenyewe, lakini petroli ikiidondokea inalainika. Ile yenye kikaushi ndani, unayoitoboa chini kabla ya kutumia, ni ngumu kweli, ila ina isosianeti. Hiyo ni sumu ya mapafu, inaweza kukuachia pumu, na barakoa ya kitambaa ni pambo tu. Gereji yangu haina hewa, kwa hiyo nilitumia ya kawaida na sioni aibu.

Haya, kava niliyoipaka mara ya pili naipachika... tak. Kutoka mbele huoni kitu. Ukisimama kwa ubavu ni nyeusi kidogo, kidogo sana. Saiti mira imejitenga na imejikunja, kwa hiyo jicho linasamehe. Bampa inakaa bega kwa bega na mbawa ya gari, tofauti hiyohiyo ingepiga kelele, kwa hiyo msiniulize lini naipaka bampa. Bampa naipeleka kwa fundi.