Foleni na Umati: Udhanaishi Mbele ya Ukoloni

Mabibi na mabwana,

Naomba nianze na foleni ya basi, mfano ambao Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi, aliutumia katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu akili ya kidayalektika, yaani fikra inayoiona historia ikisonga mbele kwa migongano. Watu wamesimama pamoja, lakini kila mmoja ana safari yake, na kinachowakutanisha ni basi tu. Hali hiyo Sartre aliiita mfululizo. Hoja yangu ni kwamba rangi, kwa jinsi ukoloni ulivyoiunda, ni foleni ya aina hiyo: waliomo hawakuchaguana, bali wamepangwa na jicho la mtu mwingine.

Frantz Fanon, daktari wa akili na mwandishi Mweusi, mzaliwa wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, aliijua foleni hiyo mwilini mwake. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 anasimulia jinsi mtoto wa Kizungu alivyomwona akamwambia mama yake kwamba anaogopa, na papo hapo msomi yule akajikuta amebaki ngozi tupu. Udhanaishi hufundisha kwamba mtu huwepo kwanza, kisha hujiumba kwa matendo yake. Je, yule ambaye maana yake imeamuliwa kabla hajafumbua kinywa? Hapo ndipo Fanon alipomkosoa Sartre, aliyekuwa ameandika mwaka 1948 kwamba fahari ya Weusi ni hatua ya kupita tu kuelekea jamii isiyo na ubaguzi. Kwa maoni yangu Fanon alikuwa na haki, kwa sababu ukimwambia aliyemo vitani kwamba mwisho wa vita vyake umekwisha kujulikana, unamnyang'anya hiari ileile unayoihubiri.

Hata hivyo, Sartre anatufaa pale foleni inapovunjika. Desemba 1960 wakazi wa vitongoji vya Waislamu mjini Algiers, mji mkuu wa Algeria iliyokuwa bado chini ya Ufaransa, walimiminika barabarani na bendera zao, ingawa mtandao wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, mjini humo ulikuwa umevunjwa na jeshi la Ufaransa tangu mwaka 1957. Wengi walipigwa risasi. Kila aliyetoka aliona kwa jirani yake tendo lake mwenyewe, na mkusanyiko uliopangwa na mkoloni ukawa umoja uliojipanga.

Tatizo huja baadaye, joto linapopoa. Sartre anasema kundi hujifunga kwa kiapo, na kiapo huja na hofu ya kuitwa msaliti. Fanon naye, mwaka 1961, aliwaonya wanaopigania uhuru juu ya tabaka la wenyeji litakaloketi kwenye viti vya mkoloni. Alifariki Desemba mwaka huohuo, miezi saba kabla Algeria haijawa huru.