Ndita, Jua na Sindano

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na vijana, nawashukuru kwa kuja kunisikiliza usiku huu baada ya Isha.

Nianze na neno letu wenyewe, ndita. Mtu akikasirika husemwa amekunja ndita, na waliotuachia msemo huo walikwisha kuona jambo ambalo wengi wanaonijia Malindi hawalitambui, kwamba ile mistari miwili iliyosimama baina ya nyusi huanzia kwenye misuli iliyo chini ya ngozi. Kila upande pana msuli mdogo unaovuta unyusi uelekee katikati, na juu ya pua pana mwingine unaoushusha chini. Ujanani, uso ukitulia, mikunjo hutoweka. Lakini ikirudiwa kwa miaka, huku jua likiila kolajeni inayoipa ngozi uimara wake, mstari hubaki pale hata mtu akiwa usingizini. Anayekunja ndita kupita wote hapa Lamu ni mvuvi, naye hana hasira na mtu yeyote; anapambana na mwanga unaomrudia machoni kutoka majini.

Sindano inayojulikana kwa jina la Botox, ambayo ni chapa moja tu kati ya kadhaa, hufanya kazi kwenye misuli hiyo. Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria anayeota ndani ya chakula kilichohifadhiwa vibaya pasipo hewa. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, alieleza jinsi watu waliokula soseji zilizoharibika walivyolegea misuli hadi wengine wakashindwa kupumua, na jina botulini limetokana na neno la Kilatini la soseji. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, ndiye aliyeonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo chaweza kunyoosha makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha matumizi hayo. Huko Vancouver, Jean Carruthers alikuwa akiwatibu kwa dawa hiyohiyo watu ambao kope zao hujifumba bila hiari. Mgonjwa mmoja akamwambia kwamba kila akidungwa, paji lake la uso hutulia. Jean na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992, na idhini ya kutibu ndita ikatolewa Marekani mwaka 2002.

Mshipa wa fahamu huuamuru msuli ujikunje kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huzuia kemikali hiyo isitoke, nao msuli hukaa bila kazi. Mabadiliko huanza kuonekana siku ya pili au ya tatu, hukamilika kwa takriban wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne amri hurudi kupita kama zamani. Kwa hiyo anayeanza na ajue kwamba anajifungulia gharama ya kurudiwa, na kwamba ule mstari uliokwisha kuchimbika, ambao huonekana hata uso ukiwa umetulia, huenda ukapungua tu bila kufutika.

Kwa ndita, kiasi kilichozoeleka cha Botox ni yuniti 20 katika sehemu tano, lakini yuniti za chapa moja hazilingani na za nyingine, na ndiyo maana mkono wa mdungaji una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Dawa ikishuka chini ya unyusi, kope la juu laweza kulegea likafunika nusu ya jicho. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli wasidungwe.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba watu huita "sindano ya uso" vitu viwili mbalimbali. Ile ya pili haiulegezi msuli, bali huijaza ngozi kwa ute, mara nyingi asidi ya hialuroniki. Baina ya nyusi mishipa ya damu huungana na ile inayolisha jicho, na ute ukiingia ndani yake waweza kusukumwa nyuma ukaziba damu ya jicho, na mtu akapofuka pale pale kitini. Basi usikubali kudungwa chumbani kwa mtu wala saluni. Uliza ni dawa gani, mdungaji ana leseni gani, na kichupa kimetoka kwenye jokofu au kwenye mkoba. Mwaka 2024 huko Marekani watu walilazwa hospitalini baada ya kudungwa Botox bandia.

Hukumu ya dini nawaachia masheikh, kwa kuwa si kazi yangu.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama singo na liwa havitoshi. Singo husugua ngozi ya juu na liwa huburudisha, lakini hakuna hata kimoja kinachofika kwenye msuli. Mvuvi yeye ningemwanzisha na miwani ya jua na kofia pana kabla ya sindano yoyote. Na kwa bibi harusi aliyekwisha kukata shauri, ninachoomba ni aje mwezi mzima kabla ya siku yake, kwa maana kope likilegea huchukua wiki kadhaa kuinuka, na hakuna dawa ya kuiamuru sumu hiyo itoke.