Kabla Hujamwita Yatima

Ndugu zangu, mama zangu, mmekuja hapa kwa sababu mna nafasi, nyumbani na moyoni, ya kumlea mtoto aliyepotezana na wazazi wake. Nawashukuru. Nianze na swali tunalopenda kumuuliza mtoto wa miaka minne aliyefika kambi ya wakimbizi peke yake: "Baba yako anaitwa nani?" Atajibu, "Baba." Na mama? "Mama." Ukiandika hapo "hajulikani," umeshamfanya yatima kwa kalamu.

Muulize hivi: majirani walikuwa wakimwita mama yako Mama nani? Atakutajia jina la kaka au dada yake mkubwa, na huo ndio uzi wa kuanzia. Muulize maji walichota wapi, siku ya gulio mama alirudi na nini. Mtoto mmoja wa Kikongo alinichorea vumbini kwa kijiti: mto, daraja, na nyumba pembeni ya daraja. Jina la kijiji hakulijua. Akina mama watatu waliokimbia kutoka upande ule wakainama wakatazama, wote wakataja kijiji kimoja.

Kazi hii si ngeni ukanda wetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994, watoto zaidi ya 100,000 walitengana na wazazi wao, wengine wakaangukia Ngara, Tanzania, wengine Goma, Kongo. Wale wadogo wasioweza kujitaja walipigwa picha, zikatembezwa kambini na vijijini watu wazitazame. Redioni BBC ikaanzisha Gahuzamiryango, yaani kiunganisha familia, majina yakawa yanasomwa hewani.

Sasa tazameni Abéché, mashariki mwa Chad, Oktoba 2007. Watoto 103 walikuwa karibu kupandishwa ndege kwenda Ufaransa, ikidaiwa ni yatima wa Darfur, Sudan. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipokaa nao kuwahoji, 91 walieleza kwamba nyumbani kwao wana mtu mzima wanayemwona kuwa mzazi. Familia zilizokuwa zikiwasubiri kule, naamini nyingi zilikuwa na nia njema kama yenu. Ndiyo maana Mkataba wa The Hague wa 1993, unaohusu kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, unataka kwanza itazamwe kama mtoto anaweza kupata malezi katika nchi yake.

Sisemi mtoto akae chini ya turubai akisubiri. Anahitaji pa kulala usiku huu huu, na ndugu watatu wasigawanywe nyumba tatu. Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi, walezi wa kambo, yaani wa kumlea kwa muda, huku msako wa wazazi wake ukiendelea. Kuasili, yaani kumfanya awe mwanao kisheria, kuna wakati wake, mbele ya mahakama, msako ukishafika mwisho.

Nawaomba sana, msimbadilishe jina. Najua mnataka ajisikie wa kwenu. Lakini shangazi yake siku akija, atamuulizia kwa jina alilopewa alipozaliwa. Na akimlilia mama yake usiku, msimwambie amekufa kama hamna hakika. Mwambieni, "Tunamtafuta."