Chati ya Viboksi Vinne Sio Kipimo cha DNA

Haya jamani tukae, wale wa mlangoni huku mbele kuna viti, hakuna anayetolewa damu leo. Hii mada ya mtoto anavyorithi kwa wazazi nimeshaisema sana hapa Dar, kanisani, msikitini, kwenye vikoba, mpaka kuna watu wakiniona wanasema yule mama wa magrupu ya damu kaja tena. Ndo nimekuja tena. Na nitarudi mpaka watu waache kuwahukumu wake zao kwa notsi za baiolojia za kidato cha nne.

Mendel mnamjua, yule mtawa wa njegere aliyeanzisha somo la urithi, sirudii. Njegere ndefu, njegere fupi, dominanti inayofunika, risesivu inayofunikwa, viboksi vinne, tatu kwa moja, mtihani ukapita tukaenda zetu. Shida ni kwamba hiyo chati ndo kitu pekee mtu anabaki nacho kichwani, halafu siku anapata mtoto anaichomoa anaanza kutoa hukumu. Na mzee wa watu mnamsingizia bure, maana kwenye andiko lake lile lile la 1866, alipotoka kwenye njegere akaenda kwenye maharage, alichanganya ya maua meupe na ya maua mekundu ya zambarau, wajukuu wakatoka na rangi za kila aina, zambarau iliyokolea, iliyofifia, mpaka meupe. Akasema mwenyewe kwamba huenda rangi ya haya maua inaletwa na vitu viwili au zaidi vinavyofanya kazi pamoja. Mendel huyo huyo! Ila ukurasa huo darasani haukufika.

Sasa ile kesi yangu, wanaoijua wavumilie. Kaka mmoja alikuja maabara amekasirika hasa, ana kadi mbili za kliniki na karatasi imechanwa kwenye daftari. Yeye grupu O, mke wake AB, mtoto wa kwanza A, wa pili B. Mdogo wake, msomi wa familia, kamchorea viboksi, herufi kubwa herufi ndogo, wakakaa wakapiga hesabu wakafikia jibu kwamba hawa watoto wana baba wawili, mmoja wa A na mwingine wa B, na yeye mwenye O hayumo. Yaani mke kashitakiwa makosa mawili kwa karatasi moja! Na mama wa watu yuko nyumbani anapika hajui kama kikao kimeshakaa.

Nikamwambia kaka kaa kwanza. Grupu za damu, tangu Karl Landsteiner alipozitangaza kule Vienna 1901, watu walihangaika miaka zaidi ya 20 kujua zinarithiwaje, na jibu lilikuwa kwamba jeni ni moja, ila ina matoleo matatu makubwa sio mawili, na baadaye ikajulikana iko kromosomu namba 9, hivyo vifungu vinavyobeba jeni. Toleo la A linatengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari ya aina moja juu ya chembe nyekundu. La B linabandika sukari nyingine. La O kimeng'enya chake ni kibovu hakibandiki kitu. Kwa hiyo O mbele ya A haionekani, hapo chati yako iko sawa. Lakini A na B wakikutana hakuna anayemfunika mwenzake, sukari zote mbili zinabandikwa, ndo AB hiyo ya mkeo. Sasa mkeo akizaa anatoa moja tu, ama A ama B. Wewe kwa kila mtoto unatoa O, huna kingine cha kutoa. Wa kwanza kapata A ya mama na O yako, anasoma A. Wa pili kapata B ya mama na O yako, anasoma B. Hesabu imeisha.

Akaniangalia. Akasema sasa mbona hakuna hata mmoja wa O kama mimi? Nikamwambia hawezi kutokea, na wa AB kama mama yake naye hawezi kutokea, nyinyi wawili kwa kawaida mtazaa A na B tu, hakuna mtoto wenu atakayefanana grupu na mzazi yeyote. Akasema kwa hiyo mimi sijachangia kitu. Aisee! Kaka, A na B za mke wako zimeonekana moja moja kwa watoto kwa sababu wewe umeweka O pembeni ya kila moja. Hizo kadi mbili ndivyo zinavyotakiwa kuonekana mwenye O akizaa na mwenye AB.

Najua kuna mtu hapo anataka kusema, kwa hiyo mama umemthibitishia kuwa watoto ni wake. Hapana, sijathibitisha. Wanaume wa grupu O wamejaa kuanzia Mbagala mpaka Bunju, kila mmoja angeweza kutoa hiyo O. Grupu inaweza kusema huyu haiwezekani, haiwezi kusema ni huyu. Na hata hiyo haiwezekani yake ina mlango wa dharura, maana 1952 madaktari wa Bombay, Mumbai ya sasa, waliandika kuhusu watu ambao jeni ya A au B wanayo kabisa ila wanasomeka O, kwa sababu jeni nyingine tofauti, ile inayotengeneza kishikizo cha hizo sukari, imeharibika. Mtu anasoma O anazaa mtoto wa A na mwenzake wa O, na hakuna aliyetoka nje. Ni nadra, lakini ipo. Ukitaka kujua baba ni nani kuna kipimo cha vinasaba, ndo hiyo DNA, kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kina sheria yake ya 2009, nenda kwa utaratibu. Usipime kwa penseli.

Haya, selimundu, ile sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hapa nakasirika zaidi kwa sababu watoto wanaumia. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kwetu wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka na huu ugonjwa, sisi ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa duniani. Watu wananiuliza, ni dominanti au risesivu? Inategemea unaangalia wapi. Ukisimama wodini ni risesivu, anayeugua ni mwenye S mbili, yaani toleo la selimundu kwa baba na kwa mama, mwenye AS, S moja na A moja ya kawaida (hii A sio ya grupu), anatembea mzima anacheza mpira. Ukiingia maabara ukapitisha umeme kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kama timu ya Linus Pauling ilivyofanya 1949, mwenye AS anaonyesha aina zote mbili, ya kawaida na ya selimundu, hakuna iliyojificha. Halafu ukija kwenye malaria, Anthony Allison akaonyesha 1954, kwa kazi aliyoifanya huku huku Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS amekingwa vizuri kuliko mwenye AA. Jeni moja, majibu matatu. Sasa wewe unataka herufi kubwa na ndogo, utaandika ipi?

Na nyie mlio AS wote wawili, msiniambie daktari alisema mmoja kati ya wanne ataugua na sisi tumeshampata huyo mmoja kwa hiyo watatu wanaofuata wazima. Nimeisikia hii mpaka nimechoka. Kila mimba inaanza upya, kila mimba ina robo yake, haikumbuki kaka yake alizaliwaje. Kuna familia ina wagonjwa watatu mfululizo, kuna nyingine wote wanne wazima. Wapimeni vijana kabla hawajaoana, basi.

Ila ninachokitaka hasa ni hiki. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wote SS. Mmoja kila mwezi anaongezwa damu, mwenzie anamaliza chuo. Nyumbani wanasema huyu karogwa na shangazi. Hakuna aliyerogwa. Mtoto tumboni anatumia himoglobini ya aina nyingine, F, ndo maana hata mwenye SS miezi ya kwanza anaonekana mzima kabisa, kisha F inapungua na maumivu yanaanza, hapo sasa ndo wanatafuta nani alimshika mtoto. Kuna watu F yao haiishi sana, wanabaki nayo ukubwani, na hao ugonjwa unawapiga kidogo. Na moja ya jeni zinazoamua F izimwe kiasi gani, BCL11A, wala haiko karibu na ile ya selimundu. Yenyewe iko kromosomu ya 2, ya selimundu iko ya 11, unarithi hii na unarithi ile kila moja kivyake. Dawa ya haidroksiyurea inafanya kazi sana sana kwa kuipandisha hiyo F, na ile tiba ya kuhariri jeni iliyoruhusiwa Uingereza Novemba 2023 haigusi S kabisa, inaenda kuivuruga hiyo BCL11A ili F irudi. Kwa hiyo ukiniambia selimundu ni jeni moja nakubali, ila ukubwa wa ugonjwa sio jeni moja. Muacheni shangazi.

Rangi. Mama mkwe anakuja kuona kichanga, cha kwanza anageuza sikio, anaangalia kucha, anatoa ripoti. Sikio sina ugomvi nalo, mtoto anazaliwa mweupe na melanini, ile rangi ya ngozi, inaongezeka taratibu. Ugomvi ni pale anaposema kwetu hakuna mweusi hivi. Rangi ni kama mchango wa harusi, kuna aliyetoa elfu tano, kuna aliyetoa laki, kamati inajumlisha, huwezi kuiangalia sherehe ukasema fulani ndo kaifanya. Baba ana orodha yake, mama ana yake, mtoto anapewa nusu ya kila orodha bila kuchagua, kwa hiyo anaweza kuwazidi wote wawili kwa weusi au kwa weupe. Kuna utafiti ulitoka 2017 wa kina Sarah Tishkoff, ulipima watu wa Ethiopia, Botswana na wa kwetu Tanzania, ukakuta matoleo ya jeni ya weusi na ya weupe yote yamo ndani ya Afrika, mengine ni ya zamani sana. Urefu ndo usiseme, 2022 walichambua watu milioni 5.4 wakapata sehemu 12,111 kwenye vinasaba zinazohusika na kimo. Chora viboksi hivyo!

Mtaniuliza ualbino. Ule ni risesivu kweli, na baba aliyekimbia naye kachangia nusu yake, bila yake usingetokea. Mtoto yule rangi za ukoo wote kazirithi kama kawaida, ila hatua ya kutengeneza melanini imekwama, mara nyingi kwetu ni jeni ya OCA2 yenye kipande kilichokatika. Na wenye ualbino wawili wakioana, kama jeni zao zilizoharibika ni tofauti, wanazaa watoto weusi tii. Hapo napo mke ataitiwa kikao.

Naonyeshwa saa. Basi haraka. Hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, iko kwenye kromosomu X, baba mgonjwa hawezi kumpa mtoto wa kiume kwa sababu anampa Y, X ya mtoto wa kiume inatoka kwa mama, kwa hiyo angalieni wajomba. G6PD, kimeng'enya cha kulinda chembe nyekundu, jeni yake pia iko X, na mwanamke mwenye X moja yenye hitilafu seli zake nyingine zinatumia ya baba nyingine ya mama, Mary Lyon alilieleza hilo 1961, kwa hiyo anaweza kuwa katikati, na dawa kama primakwini ya malaria inaweza kumsumbua, mwambieni daktari. Mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, ina jeni 37, zote za mama. Wanaume mnaojisifia damu ya kwetu kali, hapo hamna hata moja. Kile kipande cha kromosomu 15 ambacho kikikosekana upande wa baba ni ugonjwa huu, upande wa mama ni mwingine kabisa, nilikiandaa vizuri lakini naruka.

Maswali. Waliokuja na kadi za kliniki mkae upande wa dirishani nitawaona mmoja mmoja. Na wewe kaka, rudisha simu mfukoni, mimi siangalii picha za pua.